Siku Achol Aliponiambia Asante

Achol alizikwa Juba, na miezi michache baadaye mama yake akafanya maombi ya kumkumbuka kambini Kakuma, mbele ya nyumba ileile ya udongo na mabati ambayo sisi wengine tulikula chakula chake tukiwa wanafunzi. Nilikwenda nikitokea Lodwar, nikakaa na wanawake waliokuwa wakikata vitunguu nyuma ya hema, kwa sababu hapo ndipo nilipozoea kukaa nikiwa kwenye boma lile. Kwaya ya Wadinka ikaimba, mchungaji akasoma, kisha kipaza sauti kikapewa mtu aliyetoka mbali. Sikuhitaji kuinua kichwa. Sauti ile ningeitambua hata ndani ya kisima. Ilikuwa Nekesa, tuliyesoma naye, amepanda gari kutoka Kitale, amenenepa kidogo, amevaa gauni jeusi la kupendeza. Akawaambia watu kwamba wengi walimjua Achol kama tabibu, ila yeye alimjua siku ambayo nusura afe. "Mimi ndiye niliyeona kwamba anatupotea," alisema. "Nilimshika kwa hii mikono yangu." Watu wakaitikia kwa sauti ya huruma. Mimi nilikuwa na kisu mkononi na machozi ya vitunguu usoni, mwanamke mzima, mama wa watoto, msimamizi wa zahanati, na wivu ukanipanda. Nilimwonea wivu mtu aliye hai kwa sababu ya mtu aliyekufa. Mwanamke aliyekuwa kando yangu akaniuliza kama nilimjua marehemu. Nikamwambia, "Kidogo."

Sikusimama kumsahihisha Nekesa, na sisemi kwamba ilikuwa busara. Nilijua tu kwamba nikishika kile kipaza sauti nitasema mengi kuliko yanayofaa kusemwa penye msiba. Nayasema hapa. Mwaka wa mambo hayo ulianza katikati ya elfu mbili na kumi na mbili, tulipoingia mwaka wa mwisho wa masomo ya utabibu Lodwar, ukaisha katikati ya mwaka uliofuata. Mimi na Achol tulikuwa tumepanga chumba kimoja Kanamkemer. Yeye alikulia kambini na alisomeshwa na kanisa. Mimi ni Mturkana. Tulikutana siku ya kwanza chuoni kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kukaa na msichana mwenye mzigo wa sindano. Chumba kilikuwa na vitanda viwili, dirisha dogo lililofunikwa kwa leso, na paa la mabati lililoanza kulia kwa joto kabla hata chai ya saa nne. Katika kona yenye kivuli kulikuwa na vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, na katikati yake mchanga wa mto Turkwel uliolowa maji. Ndani ya chungu kidogo, chini ya kitambaa, ndimo ilimokaa insulini ya Achol, maana kisukari chake ni kile kinachowapata wakiwa wadogo, na Lodwar haina huruma na dawa inayotaka ubaridi. Kazi ya kuulowesha mchanga ule ilikuwa yangu. Hakuna aliyenipa. Niliianza siku moja alipochelewa kuamka, na tangu hapo nikaiona kuwa mali yangu, kama mtu anavyoona ng'ombe aliyemlea tangu ndama.

Nilijua kila kitu chake. Nilijua kwamba sukari yake ikishuka huanza kutokwa na jasho kwenye mdomo wa juu, kisha anakasirika bila sababu, kisha anaanza kutafuta kitu ambacho hakukipoteza. Nilibeba sukari ya mezani iliyofungwa kwenye kipande cha nailoni, mfukoni, popote nilipokwenda, hata kanisani. Nilipomwona mdomo wake unameremeta nilikuwa namtilia kijiko mdomoni hata kabla hajaniangalia, naye alikuwa akimung'unya huku akinung'unika, "Wewe utaniua kwa meno kuoza." Hakuwahi kuniambia asante. Kwa muuza maji alisema asante, kwa karani wa chuo asante, kwa kondakta aliyemrudishia chenji yake mwenyewe asante, tena kwa lugha tatu. Kwangu alisema, "Umeweka nyingi." Au, "Kijiko hiki kina harufu ya samaki." Niliona uchungu kwa hilo kidogo, si sana. Nilikuwa peke yangu katika kazi ile, na mtu aliye peke yake haulizi ni wa ngapi.

Nekesa aliletwa kwetu na mafuta. Mwaka ule yalikuwa yamegunduliwa kusini mwa kaunti, na Lodwar ikajaa magari meupe na wageni wenye kofia ngumu. Wenye nyumba wakaona neema. Mwenye nyumba wa Nekesa alimpa muda mfupi ahame ili apangishe wageni kwa kodi ambayo mwanafunzi hawezi hata kuitamka. Achol alimkuta ameketi juu ya godoro lake lililokunjwa, nje ya geti, mchana wa jua kali, akamwambia aje. Hakuniuliza. Niliporudi kutoka sokoni na samaki wakavu wa Kalokol nikakuta godoro la tatu chini, katikati ya vitanda vyetu viwili, na juu yake kompyuta ya kupakata. "Ejok, Akai!" Nekesa akanisalimia kwa Kiturkana chake cha siku mbili. "Nimevamia. Msinifukuze, jameni, huko nje ni oveni." Nikajibu ejok, kwa sababu salamu haikataliwi, nikageuka kuwatoa samaki magamba. Walikuwa wakavu, hawana magamba ya maana, lakini niliwaparua.

Alikuwa mtu mzuri. Naliandika hili kwa shida, lakini ni kweli. Alipika chapati ambazo Achol hakupaswa kuzila na akapunguza unga ili azile kidogo. Alikuwa na vichekesho vya Kitale, alikuwa na modemu, na alikuwa na kipaji cha kuuliza swali kisha akanyamaza kusubiri jibu. Mimi nikimuuliza Achol, "Umejisikiaje leo?" jibu lilikuwa, "Kama jana." Nekesa akimuuliza swali hilohilo, Achol alikaa kitako, akakunja miguu yake mirefu, akaanza kusimulia. Nilikuwa najua mwili wake, Nekesa akawa anajua mawazo yake, na niligundua kwamba hayo mawazo yalikuwepo siku zote, nikiwa naye chumba kimoja, na hayakuwahi kutolewa mbele yangu.

Mwalimu wetu wa fiziolojia aliitwa Losike, mtu wa Lokitaung, mkali, mwenye kikohozi. Muhula ule aliagiza kila wawili wachague jambo moja la mwili na kulieleza mbele ya darasa kwa Kiswahili. Watu walilalamika, maana chuoni kila kitu kilikuwa Kiingereza. Akasema, "Mgonjwa atakuja na Kiswahili kibovu na maumivu. Kiingereza chako utampa ale?" Mimi nilijua bila kuuliza kwamba nitakuwa na Achol. Siku iliyofuata jina lake likawa pamoja na la Nekesa. Nilimuuliza tukiwa kwenye foleni ya bomba. "Nekesa ana kompyuta," akasema, akiinua ndoo. "Na wewe unachukia kusimama mbele ya watu." Vyote viwili vilikuwa kweli, na ukweli haukunisaidia. Walichagua ubongo: jinsi unavyojilisha, na unavyojiokoa sukari ikipungua. Wiki nzima nililala nikiwa nimegeukia ukuta huku wao wakisoma kwa mwanga wa kompyuta. Nilisikia maneno kama seli za usaidizi, nyota, glaikojeni, na vicheko.

Siku yao ilipofika Achol alivaa kitenge cha mama yake. Alichora ubaoni kwa chaki, polepole, kwanza neva yenye matawi yake, halafu pembeni seli nyingine yenye miguu mingi kama nyota. "Tumefundishwa kwamba ubongo ni neva," akaanza. "Neva ndiyo inafikiri, neva ndiyo inasifiwa. Lakini neva haina ghala. Inatumia nguvu kutwa kucha na haijawekeza hata punje." Akaweka kidole juu ya ile nyota. "Hii ndiyo ina ghala. Angalieni, mguu mmoja umekanyaga mshipa wa damu, mguu mwingine uko kwa neva. Inavuta sukari kutoka kwa damu. Nyingine inaikata nusu, inakuwa lakteti, inaipatia neva iunguze. Nyingine inaisuka, punje kwa punje, inaiweka. Hiyo tunaita glaikojeni." Mtu mmoja nyuma akasema glaikojeni iko kwa ini. "Iko kwa ini, ndiyo, gunia zima. Kwa misuli pia. Kwa ubongo ni kijiko tu. Lakini siku damu imeishiwa sukari, ini likishindwa, hicho kijiko ndicho kinampa mtu dakika chache za kuitwa jina lake na kugeuka. Na si siku ya shida peke yake. Hata sasa, mkijaribu kukumbuka hii ninayosema, mnakikwangua." Kisha akatabasamu. "Waturkana wanajua hii. Wanaita edodo." Darasa likapiga makofi. Edodo ni maziwa tuliyokausha na kusaga wakati wa neema ili tuyachanganye na maji wakati wa kiangazi. Mimi ndiye niliyempa neno hilo, jioni moja tukila, tena nilimpa na unga wenyewe, umetoka kwa shangazi yangu, akaulamba kiganjani. Sasa alilitoa mbele ya watu kama alilikuta njiani.

Mwalimu Losike alikuwa amefurahi, jambo lililomfanya aonekane mgonjwa zaidi. Akaeleza kwamba zamani wataalamu waliziita seli hizo gundi, wakidhani kazi yake ni kuzishikilia neva zisianguke, basi. "Gundi!" darasa likacheka. Achol akacheka nalo. Akanielekezea kidole chenye chaki. "Msicheke gundi. Yangu ni huyo pale. Akai ndiye seli yangu ya usaidizi." Wakageuka wote. Najua alivyokusudia. Nilijua hata siku ile, nadhani. Lakini alikuwa amesimama mbele na Nekesa kando yake, wote wawili wanang'aa, na mimi nimeketi nyuma nikiitwa kile kinachoshikilia. Kwa wiki kadhaa wavulana wa darasa waliniita Gundi. Nekesa aliwakemea, na hilo nalo likanichoma, kwamba ni yeye ananitetea.

Kabla hawajaketi mwalimu aliuliza swali moja. "Na mtu ambaye sukari yake inashuka mara kwa mara? Hizo seli zinafanya nini?" Nekesa ndiye aliyejibu. Alisema wapo watafiti wanaodhani kwamba ghala likimalizwa hujazwa tena zaidi ya lilivyokuwa, basi safari inayofuata ubongo unajikimu kimyakimya na haupigi kengele mapema. Mtu hatoki jasho, hatetemeki, anafikia ukingoni hajui. Wengine wanakataa, wanasema sababu ziko kwingine. "Bado wanabishana," akasema Nekesa. Hadi leo wanabishana, nami huwaambia hivyo wauguzi wangu. Ila ninachokumbuka si jibu. Nakumbuka Achol akiangalia viatu vyake wakati Nekesa anajibu, na Nekesa akimtazama kwa upande, upesi, kama watu wawili wanaopita karibu na kaburi wanalolijua wao tu.

Nililielewa Jumamosi moja mchana. Nilikuwa nje nikifua, nimekaa kwenye kivuli chembamba cha ukuta, na ukuta wenyewe ulikuwa mabati. Wao walikuwa ndani wamelala kwa joto. Nilidhani wamelala. "Umemwambia?" Nekesa akauliza. "Bado." "Achol, ni lazima umwambie. Si yeye ndiye anakuangalia?" "Ndiyo maana sijamwambia." Kisha Achol, polepole: "Siku hizi sisikii kitu. Zamani ilikuwa inanigongea mlango. Sasa inaingia tu." Nilikaa na mikono ndani ya povu hadi povu likaisha. Ningeingia niseme nimesikia, lakini niseme nini? Kwamba hofu yake nayo nilitaka iwe yangu? Nilimwonea Nekesa wivu kwa sababu alipewa habari mbaya. Watu wakizungumza juu ya wivu huzungumzia mume, mali, watoto wanaopita mitihani. Mimi nilitamani kuambiwa kwamba rafiki yangu anaweza kufa bila onyo. Tangu siku ile sikumwondolea Achol macho. Kama kengele zake zimezima, basi nitamwangalia uso. Nilimwangalia akila, akicheka, akisuka nywele, na zaidi ya yote nilimwangalia akiwa na Nekesa, maana hapo ndipo macho yangu yalipokwenda yenyewe hata nilipoyakataza.

Mwanzoni mwa mwaka mpya tulipelekwa Kakuma kwa mafunzo ya kazini, sisi watatu na wengine wachache. Uchaguzi ulikuwa unakaribia, mabango ya wagombea yalikuwa hadi kwenye miti ya mikwaju ya barabarani, na kambini wakimbizi waliyaangalia kama watu wanaotazama harusi ya jirani. Asubuhi moja tuliwekwa kwenye kliniki ya watoto, banda la mabati lisilo na kuta, mama wengi wamepanga foleni, Wasomali, Wakongo, Wasudan Kusini, na mama wa Kiturkana waliotoka nje ya kambi. Achol ndiye aliyewapokea, kwa sababu aliweza kusema na karibu kila mmoja. Alikuwa amejidunga sindano asubuhi kama kawaida akitegemea uji wa saa tatu. Uji haukuja. Ilikuwa siku ya kugawa chakula, aliyekuwa akitupikia alikwenda kwenye foleni yake, na foleni yetu nayo haikuisha. Nilikuwa kwenye mzani. Nilimwona Achol akimbeba mtoto wa mtu, akicheka, uso mkavu kabisa, hata chembe ya jasho. Nikamwita. "Achol, umetia kitu tumboni?"

Akageuka, akanitabasamia kama watu wanavyomtabasamia askofu. "Asante sana, dada," akasema. "Mungu akubariki."

Nekesa, aliyekuwa kwenye meza ya chanjo, akaangua kicheko. "Uui! Akai ameambiwa asante! Leo mvua itanyesha Turkana!" Akina mama waliokuwa karibu wakacheka naye ingawa hawakujua wanacheka nini. "Mchukue huyo mtoto," nikamwambia Nekesa. "Sukari yake imeshuka." Nekesa akasema, "Wacha bwana, ako sawa. Si unaona anacheka?" Nikamwambia, "Ni Achol gani huyo anayenishukuru mimi?" Nilikuwa nimeshauruka mzani. Nilimpokonya mtoto nikampa mama yake. Kulikuwa na chupa ya soda ya mtu mezani, vuguvugu, nikaitia mdomoni mwa Achol. Akameza mara mbili, kisha akaisukuma, ikammwagikia kifuani. Akaniambia kitu kwa Kidinka, kwa adabu, kama anayeuliza njia. Halafu magoti yakamwishia. Hapo ndipo Nekesa alipomdaka, na naapa kwamba alimdaka vizuri, alijitupa chini yake ili kichwa kisigonge saruji. Alimlaza ubavu, akamshika shingo. Mimi nilifungua ile nailoni ya sukari, nikailowesha kwa mate yangu kwa kuwa maji hayakuwa karibu, nikampaka ndani ya shavu, nikampaka tena. Tabibu wa zamu akaja mbio na dripu ya sukari. Mama mmoja wa Kisomali alikuwa amesimama juu yetu ameshika khanga wazi kutukinga jua. Nilikuwa nawaza kile kijiko. Niliwaza kama bado kipo, kama zile seli zenye miguu zingali zinampa neva kitu, au zimeshakwangua chungu hadi chini.

Kwa hiyo Nekesa anaposema alimshika, ni kweli alimshika. Anaposema ndiye aliyeona, hapo namkatalia, ingawa nimefikiri sana njiani kurudi Lodwar, na naweza kuamini kwamba yeye anakumbuka hivyo kwa moyo safi. Mtu akishika kitu kizito sana hukumbuka mikono yake, hakumbuki sauti iliyomwambia ashike. Nami ninachojua ni hiki: yeye alimpenda Achol na hakuona. Mimi nilikuwa nimeoza kwa wivu, kila asante aliyopewa mtu mwingine nilikuwa nimeihesabu moyoni kama deni, na ndiyo sababu ile moja ilipotua mahali pasipo pake niliijua papo hapo kuwa ugonjwa. Sijawahi kumwambia mchungaji wangu jambo hili. Sijui angelifanyia mahubiri gani.

Achol alifungua macho kabla ya adhuhuri, kwenye kitanda cha zahanati. Alimwona kwanza Nekesa aliyekuwa ameshika mkono wenye dripu. "Nekesa," akasema, "asante." Kisha akanitafuta, akanipata miguuni mwa kitanda, akaangalia kifua chake. "Akai, mbona umenimwagia soda? Hii nguo ni ya mama. Sasa nzi watanila." Nilitoka nje. Nilikaa nyuma ya tangi la maji nikalia kwa hasira, hasira kwelikweli, nikaapa kwamba mchanga wa vile vyungu ataulowesha Nekesa kuanzia leo.

Siku hiyo mama yake Achol alituita kwake sisi sote kula. Ilikuwa saa kumi, jua limelala kidogo. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye makovu ya mistari kwenye paji la uso na Kiswahili cha sokoni. Alimpa Nekesa kiti pekee cha plastiki, akamkunjia kitambaa cha kuegemea, akampa sahani yake mwenyewe yenye asida, ugali wa kwao, na mchuzi wa bamia na kichwa cha samaki, ambacho ni heshima. Akamshika mikono yote miwili, akaiombea. Kisha akanigeukia. "Wewe Akai, maji. Halafu sufuria iko na moto, toa." Nikatoa sufuria. Nikaleta maji. Nikaketi chini kwenye mkeka karibu na jiko, nikala kwenye sinia moja na Achol na mama yake, vidole vyetu vikigongana kwenye asida. Walikuwa wakizungumza Kidinka, na jina langu lilikuwa linatokeza humo. "Mnasema nini juu yangu?" nikauliza. "Mama anauliza kwa nini umenuna," Achol akajibu. "Umemwambia nini?" "Nimemwambia uko hivyo." Mama yake akacheka, akanisukumia kwa kidole kipande cha nyama kilichokuwa upande wake wa sinia.

Nilimsubiri Achol tulipokuwa tukiosha vyombo. "Kwa nini ulimwambia Nekesa kwamba husikii dalili, na mimi hukuniambia?"

Akasita na sufuria mkononi. "Ulisikia?"

"Nilikuwa nafua."

"Ungekuwa unalala kweli, baada ya kusikia?"

Nikamwaga maji machafu, nikachota mengine.

"Nekesa nikimwambia, anasikitika, kisha anakoroma," akasema. "Wewe nikikuambia, hulali tena. Nilitaka ulale, Akai. Hiyo tu." Akaendelea kusugua. Baadaye kidogo akaongeza, bila kuniangalia, "Mama anasema wewe ukiwa hapa hajisikii ana mgeni."

Mtu mwingine angeyachukua maneno yale akayaweka kifuani maisha yake yote. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na nilichosikia ni kwamba kiti cha plastiki kilikuwa na mwenyewe. Ilinichukua miaka, ndoa, na watoto ambao nao hawanishukuru, kuelewa nilikuwa nimeketishwa wapi siku ile. Na nikisema nimeelewa simaanishi kwamba nimepona.

Tulimaliza mitihani. Nikarudi kulowesha mchanga, maana kiapo cha nyuma ya tangi hakikufika hata Lodwar. Achol akapata kazi Juba; nchi yao ilikuwa changa, ilihitaji matabibu, na yeye alitamani sana kuwa mwenyeji mahali fulani. Hatukujua kwamba kabla mwaka haujaisha vita vingezuka kule na Kakuma ingejaa upya. Tulijua tu kwamba anaondoka. Tulimsindikiza stendi asubuhi, mimi nimebeba vyungu, Nekesa amebeba begi. Alipokuwa akipanda gari la Lokichoggio alinikumbatia mimi kwanza, kisha Nekesa, na nilisimama pale nikijaribu kupima kama wa mwisho ndiye hukumbatiwa zaidi. Gari likaondoka, vumbi likasimama, kisha likakaa chini.

Tukabaki wawili. Hatukuwahi kuwa wawili. Nekesa alikuwa analia wazi, bila aibu, na mimi nilikuwa nimebana meno. "Twende basi tunywe chai," akasema. Tulikwenda kwenye kibanda kilichokuwa karibu na chuo, tulikokunywa mwaka mzima. Mwenye kibanda hakuuliza. Alituwekea vikombe vitatu, akaenda kukaanga mandazi yake. Tulikaa tukikiangalia cha tatu kikitoa mvuke, hakuna aliyetaka kumwita akirudishe. Mwishowe Nekesa akakinyanyua, akakimimina nusu katika kikombe chake na nusu katika changu, taratibu, akiinama kuona kama viko sawa. Nami niliinama upande wangu wa meza, nikaangalia kama chake hakikuzidi.